Bati la Quinteros

Siku ya mwisho ya kalibu namba arobaini, Evaristo Quinteros alifika kiwandani kabla ya wenzake. Aliifungua, akachomoa kipande cha bati kilichokuwa chini ya ubavu wa kushoto wa kalibu, akakitia mfukoni, kisha akakaza boliti zote nne. Alikuwa mtulivu kama mtu anayemenya kiazi.

Kipande chenyewe kilikuwa na urefu wa kidole, kimekatwa kwenye kopo la biskuti. Kilikaa humo miaka kumi na moja. Kalibu hiyo ndiyo iliyokunja maboksi ya chuma ya kuwekea kadi za umeme za lifti, na chuma ukikikunja hurudi nyuma kidogo, kama mtu aliyeinamishwa kwa nguvu. Mchoro haukulijua hilo. Evaristo alilijua. Kwa kipande hicho aliinua ubavu ule theluthi ya milimita, na tangu hapo kadi ziliteleza zenyewe mpaka ndani.

Sasa kalibu ilikuwa imeuzwa Brazili. Wanunuzi wangekuja saa nne kuiona ikifanya kazi. Boksi likitoka sawa, kreti ingefungwa, na Evaristo angerudisha funguo za kabati lake, akiwa na miaka hamsini na sita, mapema mno kwa pensheni, umri mbaya wa kuomba kazi. Likitoka kombo, wangehitaji mtu wa kwenda nayo, na katika kiwanda hiki cha Ferreyra mtu huyo alikuwa mmoja tu. Hakuwa na hamu ya Brazili. Hakuwa na hamu ya kubaki pia. Mkono ulifanya tu.

Fundi mwenzake, Chura, alifika na birika la maji moto na kibuyu cha mate, ile chai chungu ya majani inayonyonywa kwa bomba na kupokezanwa. Aliitwa Chura kwa macho yake. Hata mama yake alimwita hivyo.

"Kunywa, maiti wewe. Wabrazili watadhani tunawauzia na jeneza."

Evaristo alinyonya bomba, akarudisha kibuyu bila kusema asante. Kwao anayeshukuru ameshajitoa kwenye duru. Mmiminaji hammiminii tena.

Saa nne injinia Noemí Zalazar wa ofisi ya michoro aliingia na wageni wawili, wamevaa miwani ya usalama ambayo bado ina karatasi za bei. Mafundi walimwita Noemí Kifutio, kwa vile hakuchoka kurekebisha michoro. Chura alikanyaga pedeli, mashine ya presi ikashuka. Noemí alilichukua boksi likiwa na joto, akaingiza kadi ya majaribio.

Ikakwama katikati.

"Lo, limezaliwa na kibiongo!" alisema Chura. "Limemfuata baba yake."

Noemí alipima kona, akapima tena. Halafu hakuitazama kalibu. Alimtazama Evaristo.

"Don Evaristo, unafanyia kazi mchoro upi?"

"Ulio kwenye mlango wa kabati langu."

"Ule wenye grisi? Ule ni toleo la pili. Hili hapa ni la saba."

Aliutandaza mezani, akaweka kidole. Chini ya ubavu wa kushoto palikuwa na mstari mwembamba, kipimo chake juu, na pembeni maneno madogo: bati la Quinteros.

"Nilikikuta kipande hicho mwaka juzi tulipoisafisha kalibu. Nikapima, nikachora. Nilikuletea nakala."

Evaristo alikumbuka. Alifungia nayo mkate wa nyama.

"Ulisema michoro ni ya wasiojua kazi," alisema Noemí, bila hasira. Kisha akashusha sauti. "Labda kimeanguka tu. Tukitafute sakafuni."

Evaristo alitazama sakafu. Angeweza kuinama. Mlango aliofunguliwa ulikuwa wazi kabisa, na mtu mwingine angepita. Yeye aliingiza mkono mfukoni, akaweka bati mezani.

"Hakikuanguka. Nimekitoa mimi asubuhi."

Alisema kama anayetaja saa. Mgeni mmoja aliuliza kitu kwa Kireno. Mwenzake akatikisa kichwa. Evaristo alilegeza boliti, akarudisha bati mahali pake, akakaza. Presi ikashuka. Kadi iliteleza mpaka mwisho, ikagota.

Noemí alimpa kalamu na fomu ya makabidhiano.

"Lazima nikuulize. Kuna chochote cha kalibu hii ambacho hakimo kwenye mchoro?"

Evaristo alifikiri. Alifikiri kwelikweli, akiipitia kalibu kichwani boliti kwa boliti, akitafuta hata kitu kimoja.

"Hakuna."

Akatia sahihi. Wageni walianza kupigilia kreti misumari. Chura alimimina kibuyu, akamletea yeye kwanza.

"Kunywa, mkubwa."

Alikunywa mpaka bomba likakoroma, akafuta mdomo kwa mgongo wa mkono.

"Asante," alisema.

Chura alisimama kidogo na birika mkononi. Halafu akampita, akammiminia Noemí.