Nembo ya Ng'ombe Aliyegeuza Shingo

Nalepo alikuwa mwaka wa pili wa usanifu wa michoro katika chuo kimoja pale Arusha mjini, na hakuwa mtu wa kugombana. Nyumbani kwao Olasiti, mama yake alizoea kumtania kwamba hata kuku akimdonoa, yeye ndiye ataomba radhi. Ndiyo maana waliomfahamu walishangaa waliposikia alichokifanya Momela.

Mambo yalianza na shindano. Huko Momela, chini ya Mlima Meru, ilikuwa inafunguliwa bustani ya sanamu: eneo la wazi lenye sanamu ishirini na mbili zilizosimamishwa majanini. Meneja wake, Bwana Frederick, akakiomba chuo wanafunzi wabuni nembo. Wengi walikaa darasani wakatafuta picha mtandaoni. Nalepo alikwenda bustanini Jumamosi tatu mfululizo, akazichora sanamu moja baada ya nyingine hadi vidole vikamfa ganzi kwa baridi.

Iliyomkaa moyoni ilikuwa ya ng'ombe. Alichongwa kwa jiwe jeusi la mlimani, amelala, shingo kaigeuza nyuma kama aliyemsikia ndama wake. Nalepo alimchora labda mara arobaini, akipunguza na kupunguza, mpaka ng'ombe mzima akabaki mstari mmoja uliotoka mkiani, ukapita mgongoni na kujikunja shingoni. Hata ukiufanya mdogo kama kifungo cha shati, ng'ombe bado unamwona.

Akashinda. Bwana Frederick alimwita ofisini, akaitazama nembo.

"Nzuri," alisema. "Ila haina Afrika. Mtalii anatoka kwao na picha yake kichwani. Tuwekee Mmasai anaruka, mkuki mkononi, basi."

"Bustanini hakuna sanamu ya Mmasai anayeruka."

"Hakuna, sawa. Lakini kwenye nembo atakuwepo."

"Mimi mwenyewe ni Mwarusha, Wamasai ni ndugu zetu, Bwana Frederick. Baba yangu ni mzee wa kanisa, analima mahindi, anafuga. Sijawahi kumwona akiruka na mkuki."

Frederick alicheka kwa upole, kama mtu anayechekea maneno ya mtoto. "Usijali, dada. Mtu wetu wa kompyuta ataimalizia."

"Naomba msiiguse," Nalepo alisema, akaondoka akidhani amesikika.

Wiki mbili baadaye, Aika, mwenzake wa darasani, alimtumia picha kwenye simu. Bango limesimama langoni mwa bustani. Ng'ombe wake yupo, na juu ya mgongo wa ng'ombe, kama amesimama kwenye kichuguu, mtu mwekundu anaruka, mkuki juu, meno nje. Chini kwa herufi nyeupe: Nembo imebuniwa na Nalepo Lemayian.

Wangelificha jina lake angeumia, lakini huo ungekuwa wizi tu, na wizi ni kitu anachokijua. Hili la kumbandika jina kwenye kitu alichokikataa kwa kinywa chake lilimpandisha joto hadi masikioni.

Kesho yake alipanda Momela. Mlinzi alimwambia meneja hayupo, ila mchongaji wa yule ng'ombe anakaa jirani tu. Ni mama mmoja wa Kimeru, anaitwa Elifuraha. Nalepo alimkuta uani kwake, patasi mkononi, vumbi la jiwe hadi kwenye nyusi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Nalepo akamwaga yote kwa pumzi moja, akitegemea kuonewa huruma. Elifuraha aliendelea kugonga jiwe lake mpaka alipolisikia neno ng'ombe.

"Ngoja kwanza. Huo mstari umeutoa kwenye jiwe langu?"

"Ndiyo, mama."

"Uliniuliza?"

Nalepo alitikisa kichwa.

"Yeye hakukuuliza, na wewe hukuniuliza. Nianze kumkasirikia nani?"

"Mimi," Nalepo alisema, macho chini. "Nisamehe, mama. Haikunijia hata akilini."

Elifuraha aliweka patasi chini. Kisha akaingia ndani, akatoka na mkataba wake. "Ng'ombe nimewaazima. Sijawauzia. Twende."

Safari hii Frederick walimkuta. Aliwasikiliza huku akiangalia saa. "Ufunguzi ni Jumamosi, wageni wameshaalikwa. Bango halishuki."

"Basi ng'ombe anarudi nyumbani," Elifuraha alisema.

"Na jina langu mlifute," Nalepo akaongeza.

"Dada, watu wanalilia majina yao yaandikwe. Wewe unalilia lako lifutwe?"

"Ndiyo. Kile kitu sikukichora mimi."

Ijumaa asubuhi lilifika trekta la kaka yake Elifuraha, na wanaume wanane wenye kamba na mbao. Kazi ilichukua saa tatu. Nalepo alivuta kamba pamoja nao mpaka viganja vikatoka malengelenge. Frederick alisimama barazani, simu sikioni, akimpigia mtu ambaye kwa dalili zote hakuwa anapokea.

Siku ya ufunguzi wageni waliulizia ng'ombe wa kwenye bango yuko wapi, wakaonyeshwa majani yaliyolala. Jumatano iliyofuata jina la Nalepo lilifutwa, kwa rangi isiyofanana na ya bango. Yule mrukaji walimwacha hapo hapo, na ng'ombe chini ya miguu yake.

Chuoni, mkuu wa idara alimwita. "Umetuharibia uhusiano na watu," alisema.

Nalepo aliweka mezani karatasi mbili, mchoro wake na picha ya bango. "Mwalimu, niambie ipi kati ya hizi mlinifundisha hapa."

Mkuu wa idara aliziangalia zote mbili, akakohoa, akamwambia aende darasani.

Akaenda. Hasira ilikuwa bado anayo, na hakuona kwa nini aiharakishe kuondoka.