Mwisho Huchaguliwa na Mwosha Vyombo

Kaka yangu alianza kunishuku siku alipomkuta mwanawe wa kiume akisugua sufuria huku akiimba.

"Dada, umemlisha nini huyu mtoto?"

"Sijamlisha kitu, kaka. Hadithi zangu zina sheria moja: aoshaye vyombo ndiye achaguaye mwisho."

Hakuniamini. Jioni hiyo aliketi mlangoni, mikono kifuani, kama askari wa zamu. Nilisimulia habari za binti mfalme aliyefungiwa mnarani na zimwi, na mwosha vyombo wetu akaamua kwamba binti ateremke kwa shuka, kisha amfunge zimwi kwa shuka hizo hizo.

"Na mwana wa mfalme yuko wapi?" kaka aliuliza.

"Anapika, baba," bintiye alijibu, na watoto wote wawili wakaangua kicheko.

"Nilijua tu kuna jambo! Kesho mwana wa mfalme amwokoe huyo binti, la sivyo hadithi zako zikome humu ndani."

"Sawa, kaka. Sifongo iko pale dirishani."

Alinitazama kama panya anayenusa mtego. Hata hivyo, kesho yake baada ya chakula alikunja mikono ya shati, akaosha.

"Baba, hii bado ina mafuta," bintiye alisema, akaisukuma sufuria mbele yake. Kaka akairudia, akinung'unika.

Nilitimiza ahadi: mwana wa mfalme alikuja na farasi, akamwokoa binti.

"Ukiutaka tena mwisho huo, baba," bintiye alisema, "kesho vyombo ni vyako."

"Si nilijua ni mtego?" kaka alinong'ona. Kisha, bila kunitazama, aliuliza kesho nitasimulia hadithi gani.