Mkono wa Galgalo

Dereva wa lori la kwanza alikuwa bado anakunywa chai Gatwiri alipofika kwenye mashine ya kusaga mawe, kando ya barabara ya Ngaremara. Gatwiri alikuwa msimamizi wa usalama. Kila asubuhi alizunguka kiwanda akitazama watu wanavyofanya kazi, na alipoona hatari alipaswa kuisema palepale. Siku hiyo aliona wavu wa chuma unaofunika mkanda wa kubeba kokoto umetolewa na kuegemezwa ukutani. Galgalo, mwendeshaji wa mashine, alikuwa akichomoa jiwe lililokwama huku mkanda unazunguka. Gatwiri alisimama akatazama. Kurudisha wavu kungetaka mashine izimwe, na meneja, Kirigia, alikuwa amesema malori yasichelewe. Akaamua atasema baada ya chai.

Kabla ya chai, mkanda ulichukua mkono wa kulia wa Galgalo.

Mkono ulizikwa siku hiyohiyo, kwa taratibu za dini. Jumatatu ulikuja kazini. Aule, bawabu, alisikia mlango ukibishwa, akafungua, akauona umesimama kwa vidole, kucha zikiwa na udongo wa kaburi. Akauambia umechelewa, akaupisha.

Ulifanya kazi vizuri. Ulipoona hatari ulipanda juu ya kitu karibu nayo na kunyoosha kidole. Ulionyesha ngazi iliyolegea, waya wa umeme uliochubuka, tairi la tingatinga lililopasuka upande wa ndani. Mafundi wakatengeneza. Wafanyakazi waliuzoea, na saa ya chakula mmoja wao aliumiminia maji kuuosha vumbi. Hakuna aliyeumia tena. Wageni walitoka machimbo mengine kuja kujifunza, wakausalimia kwa kuushika, na Kirigia akamsifu Gatwiri mbele yao. Gatwiri alitazama viatu vyake.

Lakini kila asubuhi, kabla ya kwenda kwingine, mkono ulipanda penye mkanda na kuonyesha pale pasipo na wavu.

"Hiyo tunajua," Kirigia aliuambia. "Tukifunga wavu, mawe yanakwama kila saa. Tutaangalia."

Gatwiri alikosa usingizi. Siku moja alinunua sukari na majani ya chai, akaenda mtaa wa Kiwanjani kumwona Galgalo. Sadiya, mke wa Galgalo, alimkaribisha ndani na kumpa chai ya maziwa. Galgalo alikuwa ameketi mkekani, ameshika kikombe kwa mkono wa kushoto.

"Mkono wangu uko aje, madam?"

"Uko sawa. Unafanya kazi."

"Hausumbui watu?"

"Hapana. Watu wanaupenda."

"Alhamdulillahi." Akanywa kidogo. "Nilienda kwa Kirigia kuomba kazi. Akasema hana kazi ya mtu wa mkono mmoja."

"Na ule mkono mwingine anao yeye," Sadiya akasema, bila kuinua sauti, akaongeza chai.

Galgalo aliweka kikombe chini.

"Siku ile nilikuona, madam. Ulisimama nyuma yangu ukaangalia pale. Nikasema moyoni, basi hakuna shida. Kama kungekuwa na shida, madam angeniambia."

Gatwiri alitaka kusema. Alifungua kinywa, akaona Sadiya anamtazama.

"Chai ni tamu sana," akasema.

Asubuhi iliyofuata aliingia ofisini kwa Kirigia kabla hata ya kuvaa kofia ya kazi. Akamwambia arudishe wavu, na Galgalo apewe kazi yoyote, hata ya kuhesabu malori.

Kirigia hakukasirika. Alimwonyesha kiti.

"Wewe si ndiye ulikuwa pale?" akauliza. "Kama uliona, mbona hukusema?"

Gatwiri hakuketi. Alitoka nje. Kwenye mashine alikuwako Mutea, kijana aliyetoka Meru kuchukua nafasi ya Galgalo. Jiwe lilikuwa limekwama, naye alikuwa ameinama kulichomoa, mkanda ukizunguka. Mkono ulikuwa juu ya fremu, umenyoosha kidole. Gatwiri alisimama kando yake. Kitufe chekundu cha kuzima mashine kilikuwa karibu naye. Nyuma, lori lilipiga honi.

"Chunga hapo, Mutea," akasema.

Mutea hakusikia kwa sababu ya kelele, lakini alimwona anatazama. Akatabasamu, akamwinulia dole gumba, akaingiza mkono wake ndani zaidi.