Lala Chini

Umeangalia pembeni tena. Ulipita kambi ya polisi ya Nsambya, ukawaona wake wa askari wamejinyoosha kwenye mikeka ukumbini, ukacheka: yoga ya nini kwa watu hawa? Hukuuliza kwa nini mmoja wao alikaa kando, mgongo ukutani.

Huyo ni Santina, mke wa polisi Odur. Alizaliwa Kitgum, kaskazini kulikopiganwa vita. Shingo ilikuwa imemkakamaa tangu usichana. Akiitwa, aligeuka mwili mzima kama fisi. Alitaka kitu kimoja tu: alale chali, apumue, kama watu.

Mwalimu, Aluoch, alikuwa Mkenya mwenye sauti ya upole. Siku ya kwanza, mwisho wa mazoezi, akasema kwa Kiswahili, maana ndicho walichokielewa wote: "Haya, mama zangu, lala chini."

"Kulala nako kunafundishwa?" Alal, jirani yake Santina, akadakia. "Basi bwana yangu ni profesa!"

Wakaangua kicheko. Santina hakucheka. Alikuwa ameshaanguka kifudifudi, vidole vimefumana kisogoni, mkojo ukitambaa kwenye mkeka.

Aluoch akapiga magoti. "Mama, nimekuumiza wapi?"

"Hiyo maneno," Santina akajibu, uso sakafuni. "Kule kwetu wenye bunduki walisema hiyo hiyo. Kaka zangu walilala. Hawakuamka."

Kwa Aluoch Kiswahili ni cha shuleni na sokoni. Angejuaje kwamba kwa akina mama hawa kilikuja na buti za wanajeshi? Tangu siku ile hakuamuru tena. Akawa anauliza: "Leo mwili unataka kukaa vipi, mama?" Santina akachagua ukuta, macho mlangoni. Taratibu mabega yakashuka, shingo ikaanza kuzunguka. Hatimaye akajilaza kwa ubavu. Kulibaki kugeuka kidogo tu.

Wiki iliyofuata waliporudi ukumbini wakakuta mlango umefungwa kwa ndani. Mkubwa mmoja wa kambi ameamua: wanawake wanafundishwa uvivu, ukumbi wapewe kuruta. Dirishani sauti ya mkufunzi wa kuruta ikanguruma:

"Lala chini!"

Santina akaanguka palepale vumbini, mikono kisogoni. Alal akamfunika kwa kanga yake. Safari hii hakuna aliyetania.

Shingo imekakamaa upya. Usiniambie umehuzunika, huzuni yako haimgeuzi mtu chali. Chukua mkeka, nenda Nsambya leo hii, simama na Aluoch mlangoni pale, ugonge mpaka wafungue.