Makofi Mawili

Nilipiga makofi mawili, na laini nzima ya cherehani ikanyamaza.

Miguu ilitoka kwenye pedeli, mikono ikatua mapajani, macho yote yakanigeukia. Ndivyo nilivyowazoesha mwenyewe, miaka nenda miaka rudi: mwalimu akipiga makofi, acha kila kitu. Karibu wote pale walikuwa wanafunzi wangu. Lakini pale hapakuwa darasani. Palikuwa kiwandani, na mimi nilikuwa mshona kola mgeni.

Ukaguzi wa chuo ulikuwa unakuja. Kila mwalimu wa ufundi alitakiwa athibitishe vyeti vyake, na kwamba bado anaijua kazi inavyofanyika huko nje. Vyeti ninavyo tele. Kiwandani, lo! Sikuwa nimekanyaga tangu ujana wangu.

"Dada, bila hilo huingii tena darasani," mkuu wa chuo aliniambia.

Basi nikaenda kuomba kazi ya mwezi mmoja kwa Kidole. Jina hilo nilimpa mimi, maana alipoanza chuo alijishona kidole. Sasa ndiye msimamizi wa laini. Mume wangu aliponiona nimefungasha chakula asubuhi, alicheka kama vile naanza shule. "Mama watoto, usisahau kalamu!"

Siku ile ya makofi, nilimwona binti aliyekaa mbele yangu akiunga kola bila kupiga bandi kwanza. Hakuishikiza kwa mshono wa muda hata kidogo. Kitambaa kinapita tu chini ya sindano, hichoo! Damu ikanichemka. Makofi yalitoka yenyewe.

"Nani kakufundisha kushona bila bandi?"

Binti alitazama sakafu. "Bandi ulitufundisha wewe, mwalimu. Hii nimefundishwa hapa."

Kidole alikuja mbio. Hakunigombeza, heri angenigombeza. "Rudini kazini, jamani," aliwaambia kwa sauti ndogo. Lakini mtiririko ulikuwa umeshakatika. Huku mashati yamerundikana, kule watu wanasubiri mikono mitupu. Gari la mzigo likaja likakuta oda haijaisha. Ikabidi wabaki baada ya kazi, wenye watoto wachanga wakiwabembeleza majirani kwenye simu. Nami nikabaki, nashona kichwa chini. Ardhi ingepasuka ningeingia.

Walipoondoka nilimfuata Kidole kumwomba radhi. Alikuwa akifunika cherehani.

"Makofi si kitu, mwalimu. Yamepita."

"Mbona hunitazami?"

Alikunja kitambaa, akakikunjua. "Kila anayetoka kwako, hapa tunaanza naye upya. Hata mimi nilianzishwa upya. Tulikuwa tunaona haya kukwambia."

Nilirudi nyumbani na maneno hayo. Niliwakumbuka mabinti niliowafumulia mishono iliyonyooka kabisa, eti haina bandi, nikiwaimbia kwamba haraka haraka haina baraka. Wengine walilia. Nilikuwa nikijisifu kwa machozi yale, nikiyaita malezi. Mume wangu aliniuliza habari za shule, nikashindwa hata kutabasamu. Nilikuwa na aibu ya kukosa pa kuiweka.

Kesho yake nilisogeza kiti hadi kwa yule binti. "Mwanangu, nionyeshe." Akanionyesha. Nikaharibu kola, nikarudia, nikaharibu nyingine. Hakuna aliyenicheka, na hilo nalo liliniuma.

Mkaguzi alipokuja chuoni, hakutosheka na maelezo yangu. Alimpigia Kidole simu palepale ofisini, akaweka sauti ya wazi ili mkuu naye asikie.

"Huyu mama anafaa kufundisha ushonaji?"

Nilisikia cherehani zikinguruma nyuma ya Kidole.

"Sasa anafaa," alisema.

Mkaguzi alishukuru, akaweka tiki, akanipa mkono wa pongezi. Mkuu alikuwa akitabasamu. Ukutani nyuma yao zilining'inia picha za mahafali, mwaka baada ya mwaka, wasichana wangu wamevaa majoho na mimi nimesimama katikati yao. Nilimpa mkaguzi mkono huku nikitazama viatu vyangu.