Maoni ya Mke wa Kwanza

Jumamosi ile mimi na Sau-ping tulikwenda Mong Kok kuangalia filamu ya saa nane mchana. Tumekata mboga pamoja miaka kumi na tisa katika jiko la kantini moja huko Kwun Tong, na sikuwahi kumwona amepaka rangi ya mdomo. Siku ile alipaka. Filamu ilikuwa imeandikwa na Nga-man, binti yake wa pekee, na tiketi mbili alizileta mwenyewe kwenye bahasha.

"Ni vichekesho vya mapenzi," Sau-ping alikuwa akimwambia kila mtu jikoni, hata aliyekwisha kuambiwa. "Habari za mpishi. Nga-man kaandika yote, neno kwa neno."

Iliitwa Moto Mdogo, Moto Mkubwa. Mpishi mmoja wa Yau Ma Tei, mcheshi, mwepesi wa mikono kwenye karai, anampenda mteja anayekuja kila siku kula wali uliopikwa kwenye chungu. Kikwazo chao ni mke wa mpishi, mwanamke mwenye sauti kama king'ora, anayemfuata mumewe huku na huku na chupa ya supu ya mitishamba. "Kunywa kwanza, utanishukuru ukiwa hai!" Maneno hayo nayasikia jikoni kila uchao. Nikajua ni nani yule.

Kam-tong, mume wa Sau-ping, alikuwa mpishi Yau Ma Tei. Alikuwa na vidonda vya tumbo, na supu za mkewe ndizo zilizomsimamisha. Alipopona tu, akaondoka na mteja.

Katikati ya filamu mke anaingia mkahawani, anamkuta mumewe akimlisha yule mteja kwa vijiti. Ananyakua upawa, anamkimbiza baina ya meza, anateleza na kutumbukia kwenye tangi la samaki. Ukumbi mzima ulivunjika mbavu. Na mimi nilicheka. Sitasema uongo, nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na nilipogeuka nikamkuta Sau-ping ananitazama mimi, hatazami filamu.

Jumatatu, tulipopumzika baada ya chakula cha mchana, alinipa simu yake.

"Choi-wan, nisomee watu wanasemaje. Miwani nimeisahau nyumbani."

Miwani ilikuwa inaning'inia shingoni mwake. Nikasoma.

"Nyota tano. Huyo mke wa kwanza kaniua jamani, apewe filamu yake mwenyewe."

"Mapenzi matamu, chakula kitamu, nimetoka na njaa."

"Nyota nne. Ningekuwa mimi huyo mpishi, ningetoroka siku ya supu ya kwanza."

"Nilimpeleka mama yangu. Nikamwambia, ni wewe huyo!"

"Usiruke," Sau-ping alisema. "Nakiona kidole chako."

Basi nikamsomea na yale niliyoyaruka.

Jumapili asubuhi Nga-man alitualika chai. Alitumiminia sisi kwanza, mama yake kabla yangu, kama alivyofunzwa. Kwa kawaida Sau-ping hugonga meza kwa vidole viwili kushukuru. Safari hii mkono wake ulibaki mapajani.

"Mama, umeipenda?"

"Ule upawa umetoka wapi?"

Nga-man alicheka kidogo, kisha akaacha. "Ni sinema tu, Mama."

"Siku ile nilipowafumania, nilishika chupa ya supu. Ilinimwagikia mimi. Wewe ulikuwa na miaka kumi na moja, umekaa meza ya nyuma unafanya hesabu za shule. Nani aliuweka mkono wangu chini ya bomba?"

"Mimi."

"Sasa?"

"Mwanzo niliandika hivyo hivyo. Wenye filamu wakanirudishia. Walisema mkono ulioungua hauchekeshi."

"Na baba yako, yeye hawakumrudisha? Mle ndani ana roho nzuri, nusura nimpende upya."

"Mama, watu wanakupenda! Soma maoni. Hakuna anayemkumbuka yule mpishi, wanakukumbuka wewe."

"Wananicheka."

"Ni yaleyale."

Sau-ping alichukua mkoba wake akanyanyuka. Maandazi yaliyojazwa nyama ya kamba yalikuwa bado yanafuka mvuke, na hakuna aliyeyagusa.

Jioni ile ile aliandika maoni yake, kwa kidole kimoja, bila kuniuliza. "Mimi ndiye mke wa kwanza. Sikumpiga mtu. Supu ilikuwa ya moto, ikaniunguza mkono. Filamu imepigwa vizuri. Nyota tano, kwa kuwa ni ya mwanangu."

Kesho yake majibu yalikuwa yamepita mia nne. "Bibi, supu imebaki?" "Kampuni ya filamu, acheni ujanja, tumeshawajua." "Ungekaa na upawa wako usingeungua." Mwingine alimchora akiwa ndani ya tangi, samaki kichwani.

Haikupita wiki, tukashuka treni Kwun Tong twende kazini, tukakutana na bango la filamu ukutani, refu kuliko mtu. Chini ya picha ya mpishi na mpenzi wake wameandika kwa herufi nyekundu: "MIMI NDIYE MKE WA KWANZA." Pembeni nyota tano. Wasichana wawili walikuwa wanajipiga picha mbele yake.

Sau-ping alisubiri wamalize, akasogea karibu, akavaa miwani.

"Wameyakata," akasema. "Nyota wameziacha, mkono wameuondoa."

Nilimwambia labda Nga-man hajui. Akaniangalia vile vile alivyoniangalia kule sinema. Nga-man alikuwa anajua. Jina lake lilikuwa palepale chini ya bango.

Tangu siku hiyo hapokei simu ya binti yake. Mimi ndiye ninayepigiwa.

"Mama mdogo," Nga-man aliniambia mwezi uliopita, "wanataka sehemu ya pili. Safari hii mke wa kwanza ndiye mhusika mkuu. Nitamtendea haki, naapa. Nisaidie tu. Siku hizi Mama anasemaje?"

Sau-ping alikuwa mbele yangu anamenya maboga, amenipa mgongo.

"Anazungumzia mboga," nilisema.

"Mboga gani? Anasemaje hasa?"

Kwenye simu nikasikia vidole vya Nga-man vikigonga herufi za kompyuta. Nikakata simu.