Neno la Kuondokea

...na hapo hapo chaki ikaisha, wala haikukatika, iliisha kabisa, ukabaki unga tu kwenye vidole vya mwalimu Amandine, na sentensi ubaoni ikaachwa nusu, My mother is wash, mama yangu anafu..., basi, na Amandine akajipangusa mikono kwenye sketi, akamtupia jicho la woga mgeni aliyekaa dawati la nyuma, akawaambia wanafunzi wake kwa Kiingereza chake cha kujitahidi, "I am coming," kisha akatoka nje. Nakuja, anasema, na huku anatoka! Mkono wa Hayat, mgeni mwenyewe, ukaenda wenyewe, haukuomba ruhusa, kalamu ikashuka kwenye safu ya makosa ya karatasi yake ya ukaguzi, I am coming, mshale, I'll be back, mshale ule ule ambao mkono huo umeuchora Kampala, Lusaka, Accra, Maputo, kila mahali ambako mwalimu anatoka darasani akisema anakuja, kwa sababu Kiingereza hakitaki mchezo huo, anayekuja anakukaribia na anayetoka anakupa mgongo, hawi mtu mmoja, na Hayat amekula mkate kwa maelezo hayo, amejenga jina kwa maelezo hayo, Daktari Hayat, mkufunzi wa walimu, binti wa muuza vitenge wa mtaa wa Asiatique hapa mjini anayewafundisha watu wa dunia jinsi ya kufundisha lugha ya watu wengine, loh, ukiisema hivyo inachekesha, na kweli walicheka, Hanoi walicheka, ukumbi mzima wa mkutano, pale alipobeba mkoba wake jukwaani katikati ya mada, akawapungia mkono, "I am coming!", akatoka na mlango ukafungwa nyuma yake, akasimama kwenye korido peke yake akiwasikia wanavyovunjika mbavu kule ndani, kisha akarudi na kuinama kama mwigizaji, makofi, na kila mwaka akawa anaitwa aende akatoke tena kwenye mlango mwingine.

Simu inatetemeka ndani ya mkoba, asiitazame, anaijua, ni Honoré, mratibu wa mradi huu wa kutembelea shule, kijana mwenye heshima zake ambaye amegeuka tarishi wa watu wa Maskati, wanaomtaka Hayat kazini kwao, bila kupenda... haya, akaitazama. "Daktari, watu wa Maskati wamenipigia tena. Wanataka jibu lako mbele ya saa sita. Niwaambie nini?" Uwaambie nini, Honoré mwanangu, hata mimi sijui nijiambie nini, idara nzima ya kufundisha walimu mikononi mwake, nyumba, mkataba mrefu, kazi ambayo wenzake wangeitolea roho, na yeye yuko hapa Musaga, kwenye dawati lililochorwa mioyo na majina ya wachezaji mpira, na magoti hayaenei, na akisema ndiyo ataondoka kabla ya mvua kuisha na mama atabaki na ile nyumba nyuma ya duka, na mama hajasema lolote, hilo ndilo linalomsumbua, mama anajua na hajasema lolote, isipokuwa ile ya leo asubuhi, na ile ya leo asubuhi ilikuwa nini hasa? Alikuwa mlangoni, viatu miguuni, ana haraka kwa sababu mafuta hakuna mjini na basi la Musaga linakuja likijisikia kuja, akaita, "Mama, mi naenda!" Mama akatoka jikoni na birika mkononi, akasimama. "Sema muzuri, we mutoto." "Naenda kazi, Mama, kule Musaga." "Nimesikia. Sema muzuri." Na yeye, Mungu amsamehe, akadhani ni masikio, uzee umeanza na masikio, akapanua mdomo na kutamka polepole silabi moja moja kama yuko mbele ya darasa la wanaoanza, "Ni-na-kwe-nda," mama yake mzazi! Mama akamwangalia tu, akaangalia birika, akasema, "Haya. Enda," akaingia ndani, na njia nzima Hayat akawa anawaza ni daktari gani wa masikio atampeleka kwake, na kama yupo mzuri Maskati.

Mbona Amandine anakawia, ofisi ya mkurugenzi wa shule si ile pale ng'ambo ya uwanja, au chaki zimefungiwa na mwenye ufunguo hayupo... maskini, leo ndiyo siku yake ya kutazamwa na chaki inamfanyia hivi, na alikuwa anafundisha vizuri, vizuri kweli, aliwasimamisha watoto wakawa wanafanya vitendo, huyu anafagia, huyu anafua, huyu anasonga ugali hewani hadi jasho, na darasa linapiga kelele kwa Kiingereza bila kujua kwamba linajifunza, kitu ambacho Hayat amekihubiri nchi sita na mara nyingi hakukiona, hapa amekikuta, kwenye chumba chenye bati linalolia likipashwa jua, na darasa la jirani linakariri mito ya Burundi kwa Kifaransa, la Ruvubu, la Rusizi, la Malagarazi... Na hawa wa kwake, tazama, wametulia. Mwalimu hayupo, mgeni ni mgeni tu, na hakuna aliyesimama, hakuna anayerusha karatasi, mwalimu ameacha sweta yake kwenye kiti na wote wanaitazama sweta kana kwamba ndiyo inayofundisha. Binti wa dawati la mbele yake, Nella, yule aliyekuwa anafua, akageuka, akaona uso wa mgeni ulivyokunjamana, akamhurumia, akamwambia kwa Kiswahili kwa sababu asubuhi Hayat aliwasalimu kwa Kiswahili, "Madame, usiwe na wasiwasi. Iko anakuja." "Umemuona?" "Apana. Si amesema?" Si amesema. Na akageukia ubao wake, mambo yamekwisha, hana hata shaka kidogo, amesema anakuja basi anakuja, tangu alipokanyaga nje ya mlango ameshaanza kuja.

Ameshaanza kuja... Hayat akaiweka kalamu chini, akakumbuka. Uwanja wa ndege, yeye msichana, koti la kuazima kwa sababu waliambiwa Uingereza ni baridi, chuo, miaka miwili tu na cheti, mama na kitenge kipya, baba Khaled na mikono ya gereji isiyotakata hata kwa sabuni ya unga, na yeye aliwaambia nini? Hakuwaambia naenda. Nani kwao anasema naenda? "Mama, nakuja," na mama akajibu, "Haya, kuja," na ndivyo alivyopanda ndege, na miaka miwili ikazaa mingine, Uingereza ikazaa Kampala, Kampala ikazaa Lusaka, na hakuna hata moja anayoijutia, hapana, asidanganyike sasa, alipenda kazi ile, alipenda kumwona mwalimu wa watu aliyekuwa anasoma kitabu kwa sauti ya usingizi akiinua kichwa na kuanza kuzungumza na watoto, hiyo ilikuwa furaha yake na bado ni furaha yake, lakini huku nyuma baba alipokuwa kwa kinyozi na watu wakamwuliza, Bwana Khaled, mtoto yuko wapi siku hizi, alijibu kila mara bila kupepesa, "Hayat? Iko anakuja," na hawakumcheka, neno walilijua. Na mama, mtaa mzima hakuna anayemwita Mwanasiti, ni Mama Hayat, Mama Hayat una kitenge cha harusi, Mama Hayat leo samaki wa mukeke wametoka wengi sokoni, asubuhi hadi jioni anaitwa kwa jina la mtu ambaye hayupo na anaitika, amelibeba jina la bintiye dukani miaka yote hiyo bila kulitua chini... Na yeye kule Hanoi anatoka na mkoba, makofi. Alikuwa anawachekesha watu kwa neno la nyumbani kwao, na aliporudi ukumbini akainama, alidhani kosa ni la walimu.

Lakini siyo hilo, hilo ni aibu tu na aibu inapoa, kuna kingine kinakuja nyuma yake, kinapanda, asichokitaka... simu aliyopigiwa akiwa Ankara. Baridi, theluji dirishani, sauti ya mama kutoka mbali, baba amezikwa tangu adhuhuri, hawakuweza kumngoja, Hayat usilie mwanangu, na kisha mama akasema jambo ambalo Hayat alilisikia na hakulisikia, alikuwa analia, akaliacha lipite, na leo limerudi limekaa naye dawati moja. "Baba yako hakusumbuka," mama alisema. "Alinishika mukono tu. Akasema, Mama Hayat, mi naenda. Hakusema nakuja. Basi nikajua."

Mi naenda.

Ya Rabbi, na leo asubuhi mlangoni, kwa sauti ya furaha, viatu miguuni, yeye mwenyewe! Mara tatu, na mara ya tatu kwa silabi! Sema muzuri, we mutoto, mama alikuwa anamwomba, masikio yake hayana kitu, alisikia vizuri sana, alisimama pale na birika la moto akimwomba asiliache neno lile ndani ya nyumba, aache mlango wazi kidogo, na yeye msahihishaji wa walimu wa nchi sita hakujua kwamba anasahihishwa. Wala mama hakusema usiende Maskati. Hangelisema. Angefunga mizigo pamoja naye, angemwekea dagaa za kwao, ndagala kavu, kwenye mfuko, angesimama uwanja wa ndege na kitenge kipya, alichotaka ni neno la kuondokea tu, kwa sababu kwa neno hilo mtu anaweza kungoja... na anaweza kungoja mpaka lini? Amezeeka, vidole havimalizi tena kukunja pande la kitenge, analikunja nusu, anapumzika. Kama kesho Hayat atasimama mlangoni na kusema nakuja ya Maskati, mama atajibu haya, kuja, na itakuwa uongo, uongo wa kwanza, kwa sababu zile nyingine zote zilikuwa kweli, zimekawia lakini zilikuwa kweli, yuko hapa, si amekuja? Amekuja! Kumbe alikuwa anakuja muda wote, kwa njia ndefu ya kipumbavu, Kampala, Maputo, Hanoi, Ankara, alikuwa njiani, na amefika, na mtu aliyefika anavua viatu. Na walimu si wapo hapa? Amandine si huyu hapa, hana chaki na bado anawafanya watoto wasonge ugali hewani?

Akachukua kalamu, akaukata mshale, akakata na maneno yaliyofuata mshale, akaacha I am coming peke yake, na kwa kuwa ilikuwa safu ya makosa na pale halikuwa mahali pake, akaizungushia duara na kuivuta kwa mstari mrefu hadi upande wa pili, safu ya mazuri, karatasi ikachafuka, ichafuke. Kisha simu. Honoré, waandikie, apana, nitawaandikia mwenyewe, na akawaandikia Kiingereza kile kile wanachokitaka wao, kifupi, ambacho hakuna mkaguzi wa nchi yoyote angekitia mshale, I am not coming, siji, ahsanteni sana, akatuma kabla ya woga kumfikia, na alilia, si sana, kama mtu anayetua mzigo na mkono bado unauma. Darasa la jirani limefika Ruvyironza. Sweta iko kwenye kiti, My mother is wash iko ubaoni, na mlangoni hakuna mtu. Akafungua mkoba arudishe simu, zipu ikalia, na Nella akageuka haraka, macho kwenye mkoba.

"Madame, unaenda?"

"Apana," Hayat akasema. "Mi niko."